Mshale uliompata Ahabu (1 Wafalme 22:34): Mungu aliulenga, au vita ni vita?

#1 Msoma Wafalme (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kila nikisoma 1 Wafalme 22 nakwama mstari wa 34, leo nimeona niulete hapa.

Kwa waliosahau kisa: Ahabu, mfalme wa Israeli, anaitaka Ramoth-Gileadi iliyo mikononi mwa Shamu. Anamshawishi Yehoshafati wa Yuda waende pamoja. Manabii wapata 400 wanamwambia kwea, mji ni wako. Mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, anasema amewaona Israeli wametawanyika milimani kama kondoo wasio na mchungaji. Anazabwa kofi na Sedekia, kisha anatupwa gerezani alishwe chakula cha shida na maji ya shida. Ahabu anaingia vitani amejibadilisha, huku Yehoshafati akibaki na mavazi yake ya kifalme. Mfalme wa Shamu naye amewaagiza maakida 32 wa magari wasihangaike na mdogo wala mkubwa, wamtafute mfalme wa Israeli peke yake. Wanamkosa. Halafu mtu asiyetajwa jina anavuta upinde kwa kubahatisha, na mshale unapenya penye maungio ya dirii (vazi la vita la kujikinga) ya mfalme.

Hoja yangu ni hii. Maakida 32 wenye amri, macho na magari walimkosa, na mmoja asiyejua lolote akampata. Mwandishi kaipanga habari hivyo makusudi, tuuone mkono wa Mungu palepale ambapo mkono wa mtu haukujua unachofanya. Hapo bahati haipo. Nani anapinga, na kwa andiko gani?

#2 Kitabu Wazi
Nakazia. Mithali 16:33: kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za BWANA. Uzi ufungwe.

#3 Mbishi wa Haki
Usifunge uzi wa watu mapema, mkuu. Mithali unayo, na mimi nina Mhubiri 9:11: si wenye mbio washindao, wala si walio hodari vitani, lakini wakati na bahati huwapata wote. Vitabu hivyo viwili vimekaa jirani ndani ya Biblia hiyohiyo.

Na kuna neno la Daudi katika 2 Samweli 11:25, kwamba upanga hula huyu na huyu. Kumbukeni alilisema lini. Alilisema baada ya kupanga kifo cha askari wake Uria, kumtuliza jemadari wake Yoabu. Tujifunze hapo: maneno ya "vita ni vita" yanaweza kuficha mauaji, na maneno ya "ni Mungu" yanaweza kuficha mauaji vilevile. Ndiyo maana mtu akiniambia mshale fulani ulilengwa na Mungu, kwanza namuuliza yeye alikuwa amesimama wapi.

#4 Buti Chakavu
Mimi ni askari mstaafu, nizungumzie mshale wenyewe.

Wapiga mishale wa enzi zile hawakuwa wakimchagua mtu mmoja mmoja. Mkiwa wengi mnapiga juu, mishale inashuka katika eneo zima, anayekuwa chini ndiye anayepatwa. Kwa hiyo kubahatisha kwa mtu huyo si ajabu, ndiyo kazi yenyewe. Kinachonishangaza mimi ni mahali ulipoingia. Dirii ya zamani ilikuwa magamba ya shaba au chuma yaliyoshonewa kwenye ngozi. Kifuani imara, chini kiunoni imara, ila panapokutana vipande viwili lazima pawe na nafasi, la sivyo mtu hawezi kuinama wala kugeuka. Hata fulana za kuzuia risasi tulizovaa sisi zilikuwa hivyohivyo: bamba mbele, bamba nyuma, na ubavuni chini ya kwapa ni mkanda tu. Ukiinua mkono kuelekeza wenzako, umejifungua. Tulikuwa na kijana mzuri sana aliyepigwa hapo, na mkono wake ulikuwa juu akituonyesha njia ya kutokea. Risasi ilitoka kusikojulikana. Hakuna aliyewahi kujua nani aliifyatua, na naamini hata aliyeifyatua hajui.

Kwa hiyo nikisoma mstari wa 34 namwona Ahabu kiumbe wa nyama kama sisi. Swali la mleta uzi linaniuma kuliko anavyodhani. Ikiwa ule ulilengwa, na wa yule kijana?

#5 Nuru ya Asubuhi
@Buti Chakavu pole sana baba. Ila Ahabu alistahili, Eliya alishamwambia atakufa Ramoth-Gileadi na akafa palepale mshale ulipomgusa. Huyo kijana wako hakutabiriwa na mtu, ni mambo mawili tofauti.

#6 Kitabu Wazi
@Nuru ya Asubuhi, mawili hapo si sahihi. Habari za Ramoth-Gileadi ni za Mikaya. Eliya alitabiri juu ya damu ya Nabothi, yule aliyeuawa ili Ahabu apate shamba lake la mizabibu, sura ya 21. Na Ahabu hakufa palepale: mstari wa 35 unasema vita vilizidi, mfalme akategemezwa ndani ya gari akiwaelekea Washami, akafa jioni. Damu ilimtiririka hadi sakafuni mwa gari. Alisimama saa nyingi akivuja damu, askari wake wakidhani mfalme bado yuko nao. Huyu mtu alikuwa mwovu, ila hakuwa mwoga, na mwandishi hakumnyima hilo.

#7 Frateri
Tumsifu Yesu Kristo. Nipo seminari, nitumie lugha ya darasani kidogo.

Swali la "Mungu au bahati" linachukulia kwamba hao wawili wanagombea kiti kimoja. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino alilikataa wazo hilo katika karne ya 13. Mungu ni sababu ya kwanza, viumbe ni sababu za pili, na sababu ya kwanza haiziondoi za pili. Tena alisema maongozi ya Mungu yanataka mambo mengine yatokee kwa lazima na mengine yatokee kwa bahati, na yale ya bahati yanabaki kuwa ya bahati kwelikweli. Kwa hiyo mpiga upinde alibahatisha kweli, hakushikwa mkono kama sanamu ya mbao. Na hukumu ilitimia kweli.

Waprotestanti waliokutana Westminster, Uingereza, waliandika karibu hilohilo katika ungamo lao la mwaka 1646, kwamba katika maongozi ya Mungu mambo hutokea kufuatana na namna ya sababu za pili: ya lazima, ya hiari au ya kutukia. Kwa hiyo kambi mbili zinazobishana mengi hapa zimekaa meza moja.

#8 Mbishi wa Haki
Frateri, umeeleza vizuri na bado hujamjibu Buti Chakavu. Ukisema kila tukio lina sababu ya kwanza, basi na risasi ya yule kijana inayo. Umenipa maelezo yanayotosha kila mshale duniani. Maelezo ya namna hiyo hayawezi kuniambia kwa nini huu wa Ahabu ni hukumu na ule si hukumu.

#9 Frateri
Kinachotofautisha ni neno lililotangulia. Mshale wenyewe hausemi kitu. Mikaya alisema kabla, mbele ya wafalme wawili na mashahidi: ukirudi kwa amani, basi BWANA hakunena kwa kinywa changu. Neno likaja kwanza, tukio likafuata. Pasipo neno, mimi na wewe hatuna ruhusa ya kutamka hukumu juu ya maiti ya mtu.

#10 Dada Subira
Frateri hilo la mwisho ungekuja kulisema nyumbani kwetu.

Kaka yangu alikufa vitani. Siku ya kumzika, mhubiri alisimama akasema vita haiui mtu ambaye Mungu hajamhesabu, na kwamba familia ijichunguze. Mama yangu alikuwa amekaa mkekani mbele yake. Toka siku hiyo amekuwa akijichunguza. Anakumbuka kila neno kali alilowahi kumwambia mwanawe, kila sadaka aliyokosa kutoa, analigeuza na kuliuliza kama ndilo hilo.

Sipingi kwamba Ahabu alihukumiwa, aliiona haki ya mnyonge akaikanyaga. Ninachoomba ni kwamba mkishalielewa andiko hili msilitoe nje na kwenda nalo msibani. Yesu mwenyewe aliambiwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, akaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Luka 13. Alikuwa na nafasi ya kutamka hukumu na hakuitumia.

#11 Buti Chakavu
Asante binti yangu. Mwambie mama askari mmoja mzee anamsalimu.

#12 bin_Salim
Assalaam alaykum wanajukwaa. Napitia tu, ila mada hii kwetu si ngeni. Katika Surat al-Anfal, aya ya 17, baada ya vita vya Badr (mwaka wa 2 Hijria, 624), waumini wanaambiwa kwamba si wao waliowaua bali ni Mwenyezi Mungu, na Mtume anaambiwa: hukutupa wewe ulipotupa, bali Mwenyezi Mungu ndiye aliyetupa. Wafasiri wengi wanaihusisha na konzi ya mchanga aliyowarushia maadui. Angalieni ilivyosemwa: "ulipotupa" ipo, na "hukutupa" ipo. Kitendo cha mja hakikufutwa, ila matokeo yakarudishwa kwa Mola. Wanazuoni wetu wamejadili kadari na hiari kwa karne nyingi kutokana na aya za namna hii.

#13 Kitabu Wazi
Karibu sana shekhe. Ila naona tofauti: kule aliyetupa alijua anamtupia nani na kwa ajili ya nani. Wa kwetu hakujua hata amempiga mfalme.

#14 bin_Salim
Ni kweli, na kwangu hilo linaongeza nguvu ya kisa chenu. Yule wa Badr ana la kushukuru. Huyu wenu hana hata la kujisifia.

#15 Mtafiti wa Kale
Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anampa jina mpiga upinde, na mapokeo ya Kiyahudi yamemtambua kuwa Naamani, yule jemadari mwenye ukoma wa 2 Wafalme 5. Sababu ni rahisi kuiona: 5:1 inasema kwa mkono wake BWANA aliwapa Washami kushinda. Biblia yenyewe haisemi ni yeye. Naona aliyeacha nafasi ya jina wazi alijua anachofanya, na waliokuja baadaye hawakuvumilia kuiona wazi.

Sasa la historia. Kuna nguzo ya jiwe ya Shalmanesa wa Tatu, mfalme wa Ashuru, iliyopatikana Kurkh, Uturuki ya leo, mwaka 1861, na ipo London katika jumba la British Museum. Inaeleza vita vya Karkari vya mwaka 853 KK na inamtaja Ahabu Mwisraeli akiwa na magari 2,000 na askari 10,000, upande mmoja na mfalme wa Dameski, yaani wa Shamu, dhidi ya Ashuru. Yaani Ahabu na Shamu walikuwa washirika muda mfupi sana kabla ya Ahabu kufa akipigana na Shamu.

Baadhi ya wasomi wanaona hapo pana tatizo. Wanaongeza kwamba katika masimulizi ya vita ya sura ya 22 jina Ahabu linatajwa mara moja tu, mstari wa 20, kwingine kote ni "mfalme wa Israeli". Na mstari wa 40 unasema akalala na babaze, maneno ambayo kwa kawaida huandikwa kwa mfalme aliyekufa kwa amani. Wanapendekeza kwamba kisa kilikuwa cha mfalme mwingine wa baadaye, kikahamishiwa kwa Ahabu. Nayaweka mezani, sijasema nayakubali.

#16 Msoma Wafalme
Mtafiti, ushirika kuvunjika baada ya adui wa pamoja kurudi nyuma ni jambo la kawaida katika siasa za wafalme. Na 22:1 inasema palikuwa na miaka mitatu bila vita kati ya Shamu na Israeli, kipindi kinachoweza kuibeba Karkari bila shida. Tena katika 20:34 Ben-hadadi, mfalme wa Shamu, aliahidi kurudisha miji. Ramoth-Gileadi haikurudi. Ahabu alikuwa na madai halali kabisa kisiasa, na hilo ndilo la kutisha: vita yenye sababu nzuri, mtu mwenye hukumu juu yake.

Na 20:42 tusiiruke. Nabii asiyetajwa jina alimwambia Ahabu kwamba kwa kuwa amemwachilia Ben-hadadi, uhai wake utakuwa badala ya uhai wa yule. Kwa hiyo mshale mmoja unabeba madai matatu: la Ben-hadadi, la Nabothi, na la Mikaya aliyeko gerezani.

#17 Mbishi wa Haki
La Nabothi liangalie vizuri. Eliya alisema mbwa watairamba damu ya Ahabu mahali walipoiramba ya Nabothi. Nabothi alikuwa Myezreeli, alipigwa mawe nje ya mji wake. Gari la Ahabu likaoshwa penye birika la Samaria. Yezreeli na Samaria ni miji miwili.

#18 Kitabu Wazi
Jibu liko 21:27-29. Ahabu alirarua nguo, akavaa magunia, akafunga, na Mungu akasema mabaya atayaleta siku za mwanawe. Na ndivyo ilivyokuwa: Yehu, jemadari aliyetwaa ufalme, alimpiga Yoramu mwana wa Ahabu mshale katikati ya mabega ukatokea moyoni, akaagiza atupwe katika kiwanja cha Nabothi (2 Wafalme 9:24-26). Hukumu ikagawanyika: damu ya baba Samaria, maiti ya mwana Yezreeli.

#19 Dada Subira
Na huko 9:26 ndipo tunajua kwamba hata wana wa Nabothi waliuawa. Sura ya 21 haikuwataja. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahesabu, kumbe palikuwa na anayewahesabu. Mimi hukumu ya Ahabu naipendea hapo, wala si kwenye mshale.

#20 Nuru ya Asubuhi
Umenigusa dada. Sijawahi kuuona mstari huo.

#21 Mtumishi wa Zamu
Wapendwa, nimesoma kurasa zote. Mnamsahau Yosia, na bila Yosia uzi huu ni nusu.

Someni 2 Mambo ya Nyakati 35:20-24. Yosia, mfalme mwema kuliko wote waliofuata baada ya Hezekia, anatoka kupigana na Neko wa Misri bondeni Megido, mwaka 609 KK. Anajibadilisha, kama Ahabu. Wapiga upinde wanampiga, kama Ahabu. Anawaambia watumishi wake wamwondoe kwa kuwa amejeruhiwa sana, kama Ahabu. Mwandishi wa Nyakati aliijua habari ya Ahabu, ameiandika mwenyewe katika sura ya 18. Na nabii mke Hulda alikuwa amemwahidi Yosia kwamba atazikwa kwa amani.

Mshale uleule, kujibadilisha kulekule, maneno yaleyale. Mmoja aliuza nafsi yake kutenda mabaya, mwingine alimrudia BWANA kwa moyo wake wote. Nimehubiri miaka mingi na sura hizi mbili sijawahi kuziweka kwenye hubiri moja. Mwandishi anasema Yosia hakuyasikiliza maneno ya Neko yaliyotoka kinywani mwa Mungu. Sawa. Lakini ni mfalme mgeni, mwabudu miungu, amesimama na jeshi mpakani akisema Mungu kamtuma. Nani kati yetu angemsikiliza?

#22 Frateri
Wapo wanaosoma kifo cha Yosia kama rehema, kwamba aliondolewa asiyaone maangamizi ya Yerusalemu ya mwaka 586 KK. Hulda alisema hivyo waziwazi: macho yako hayataona mabaya yote nitakayoleta juu ya mahali hapa. Na Isaya 57:1 inasema mwenye haki huondolewa mbele ya mabaya.

#23 Mbishi wa Haki
Haya. Mshale kwa mwovu ni hukumu, mshale kwa mwema ni rehema, na Yehoshafati aliyepiga kelele akaachwa ni neema, ingawa naye alirudi akakemewa na nabii Yehu mwana wa Hanani kwa kumsaidia mwovu. Wakuu, mtu asiyeamini akisoma hapa atasema tuna jibu kwa kila kitu.

#24 Mtumishi wa Zamu
Atasema, na ana haki. Kwa hiyo mimi jibu sitoi. Nasema tu kwamba Biblia yenyewe imeviweka vifo hivi viwili vikiwa vimevaa nguo moja, na haikuogopa.

#25 Mtafiti wa Kale
Kwa kuwa Yehu mwana wa Nimshi ametajwa: 2 Wafalme 10:30 anasifiwa kwa kuitenda nyumba ya Ahabu sawasawa na yote yaliyokuwa moyoni mwa Mungu, anaahidiwa vizazi vinne vya ufalme. Karibu karne moja baadaye, Hosea 1:4, Mungu anasema ataipatiliza damu ya Yezreeli juu ya nyumba ya Yehu. Damu ileile. Frateri, hapo sababu ya kwanza na ya pili zinafanyaje kazi?

#26 Frateri
Naanzia Isaya 10. Ashuru anaitwa fimbo ya hasira ya Mungu, kisha fimbo hiyo inahukumiwa, kwa kuwa yeye hakukusudia hivyo; moyoni mwake mlikuwa na kuangamiza mataifa. Chombo cha hukumu kinajibu kwa nia yake chenyewe. Yehu alipewa kazi, akaifanya na kupita mpaka: alimuua hata Ahazia wa Yuda na ndugu zake 42, na ndama za dhahabu za Betheli na Dani akaziacha.

#27 Buti Chakavu
Hiyo ya nia naielewa kuliko yote yaliyosemwa humu. Lakini Ashuru alikuwa na nia mbaya, na Yehu alikuwa na yake. Yule mpiga upinde wa Shamu hakuwa na nia yoyote juu ya Ahabu, alivuta tu kamba kama alivyoagizwa. Yeye anajibu nini?

#28 Frateri
Nipe mpaka kesho, mzee wangu. Nataka kwanza nisome wanavyosema juu ya askari wa kawaida.

#29 bin_Salim
Na mimi nitauliza kwa wanazuoni wetu, maana swali la mzee halina dini moja. Aliyekuja baadaye aanzie #4.